Fahali Anayengoja Joho

Jumatatu, 3 Novemba

"Mtu mzima mwenye kazi akitaka digrii, asome kidogo kidogo kila siku, peke yake, kimya, kabla nyumba haijaamka."

Hayo ni maneno ya Willis Osiako, mwanafunzi mwenzangu wa darasa la jioni, mtu wa idara ya maji. Ameyatamka leo mbele ya darasa zima bila hata kuinuka kitini. Akapigiwa makofi! Daktari Lynette, mhadhiri wetu, akatikisa kichwa kukubali. Nikanyoosha mkono nimjibu. Nikaambiwa muda umekwisha.

Basi namjibu hapa.

Kwanza, anayedonoa kidogo kidogo ni kuku, na hapa kwetu tunajua vizuri kuku huishia wapi mgeni akibisha hodi. Pili, kichwa cha mtu wa miaka hamsini na moja si gunia tupu la kutiwa mahindi. Changu kimejaa tayari. Nimesoma historia ya mapinduzi ya mabara matatu. Nimesoma taarifa za kila tume iliyowahi kuundwa kuhusu sukari, nyingine mara mbili, kwa hasira. Jambo jipya likitaka kuingia humo sharti lipigane na wenyeji. Tatu, kimya! Ni lini ukweli uliwahi kupatikana kwa kunyamaza?

Mimi nasoma kwa kubishana. Ndivyo nilivyojipatia jina. Pale kwenye chama cha wakulima wa miwa, nilipo karani mkuu, hakuna mkutano uliowahi kwisha Phineas Lusweti hajasema. Mikutano mingine haikwisha kabisa.

Hali yenyewe niiandike wazi. Imebaki yuniti moja tu: Mbinu za Utafiti. Nimeanguka humo mara mbili, zote mbili kwa sababu ya ubovu wa maswali. Mtihani wa tatu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikianguka tena, kanuni zinasema natolewa kwenye kozi. Nikipita, navaa joho tarehe 5 Desemba.

Halafu kuna fahali.

Siku nilipojiunga na chuo, miaka minne iliyopita, Mama alimfunga ndama dume kwenye kigingi mbele ya jikoni, kule nyumbani Navakholo, akatangazia boma lote kwamba huyo haguswi. Ni wa siku ya joho langu. Mimi nikampa jina: Chansela. Sasa Chansela ni mlima wenye pembe. Mwezi jana alivunja ua akaingia kwenye miwa ya jirani. Ndugu yangu mdogo, Cleophas, akaitisha kikao cha familia. Akasema fahali hawezi kula nyasi za boma mpaka afe kwa uzee akingoja mtu. Akakumbusha kwamba binti yake Michelle anavaa joho tarehe 12 Desemba. Ikaamuliwa: atakayevaa joho kwanza ndiye atakayechinjiwa Chansela.

Namtangulia kwa wiki moja. Sina wasiwasi hata chembe.

Mkakati: kesho saa saba, bunge la wananchi, bustani ya Muliro Gardens, katikati ya mji.

Jumanne, 4 Novemba

Bunge letu halina Spika wala mshahara. Ni watu waliotoka kazini kula mchana na wasio na cha kula wala kazi, pamoja na akina mama wawili wauza njugu ambao sauti zao peke yake zingetosha kuwa upinzani. Sheria ni chache. Mwenye hoja anapanda jiwe la kwanza na kusema kama anaitetea au anaipinga. Anayemjibu anapanda jiwe la pili. Ukipigiwa makofi, umeshinda. Ukipigiwa miluzi, shuka.

Nikapanda. Hoja: ukitaka kujua maoni ya watu wengi, chagua wachache kwa bahati nasibu uwaulize hao. Ndivyo kitabu kinavyosema. Nikaitetea kwa ufasaha. Nikaeleza kofia, majina yaliyokunjwa ndani yake, na mkono unaochomoa bila kuchungulia.

Akapanda Shikanga. Huyu ni kinyozi nyuma ya soko, na ndiye bingwa wa jiwe la pili tangu nimjue. Taulo begani. Akaniita Mheshimiwa, na hapo nikajua nimekwisha. Akaniuliza, Mheshimiwa, mama watoto ulimtoa kwenye kofia?

Kicheko. Nikangoja kiishe ili nijibu. Hakikuisha.

Akaendelea. Tuseme anataka kujua kama miwa inalipa Kakamega. Anachomoa watu kumi kofiani. Kumbe kwa bahati mbaya wote kumi ni wa Buyangu, kazi yao kuonyesha wageni nyani msituni. Je, aandike kwamba Kakamega hailimi miwa, inalima nyani? Mama mmoja akamwaga njugu kwa kucheka. Miluzi ikaanza upande wa barabara, ikasambaa. Nikashuka.

Sikula mchana. Nimekaa ofisini nikiutazama ukuta. Nimetafakari nikafikia uamuzi: si mimi niliyeshindwa. Ni kitabu. Wakili hodari alipewa kesi mbovu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegundua kosa lilipokuwa! Nilikuwa upande usiofaa!

Kukitetea kitabu ni kazi ya mtumishi. Msomi hukishambulia. Anayeweza kukibomoa kitabu ukuta kwa ukuta ndiye anayeijua nyumba nzima. Kwa hiyo leo nilipanda jiwe nikatangaza kwamba napinga. Bahati nasibu ni upuuzi, na aje mtu akitetee kitabu!

Hakuna aliyekuja. Shikanga akasema hawezi kutetea kitu ambacho hata rangi ya jalada lake haijui. Nikaona ana haki. Adui asiye na silaha si adui, ni mtazamaji tu. Nikafungua mkoba, nikampa kitabu changu cha Mbinu za Utafiti, pamoja na maelezo yote ya darasani niliyoyakunja ndani. Nikamwambia akasome tukutane kesho. Akakipokea kwa mikono miwili, akakifuta kwa taulo.

Jescah akaniuliza wakati wa chai kitabu kiko wapi, maana haoni nikikifungua. Nikamweleza mkakati wote. Mke wangu ni muuguzi, amezoea kusikiliza watu wakieleza wanakoumwa. Akanimiminia chai, akauliza, Baba Mark, sasa huo mtihani ni wako au wa kinyozi?

Mambo ya mkakati si rahisi kwa kila mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ushindi mara mbili!

Jana Shikanga alikuja amejiandaa. Akasema bahati nasibu inaondoa upendeleo. Akatoa mfano wake: kinyozi akiwauliza wateja wake tu, ataamini dunia nzima inapenda kunyolewa, kwa sababu wasiopenda hawaingii kibandani. Hoja nzuri, bila shaka kaitoa ukurasani. Nikamtandika kwa nyani wa Buyangu. Akaruka, akalia kwamba hao nyani ni wake, aliwaleta mwenyewe Jumanne! Nikamjibu kwamba hoja ni kama mpira, ni ya aliye nao mguuni. Makofi! Mama wa njugu alinipa kifuko bure.

Leo sura ya tano. Kitabu kinadai kwamba vitu viwili vikitokea pamoja, si lazima kimoja kiwe kimesababisha kingine. Shikanga akaitetea kwa kuniuliza: jogoo akiwika jua linachomoza, je, nikimchinja jogoo, jua halitakuja? Bunge likamgeukia kwa upendo. Mimi nikatulia. Nikashika ukosi wa koti. Nikamuuliza: umeshawahi kuchinja majogoo wote wa dunia ukaona?

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akakifunua kitabu!

Kelele zilizopigwa pale, sijui kama hata watu wa Likuyani kule mbali hawakusikia. Mzee mmoja alivua kofia. Hoja nzima ya kitabu nimeizika kwa swali moja. Nani mwingine katika darasa letu anaweza? Osiako na hiyo saa yake ya kengele inayomwamsha alfajiri? Osiako anakijua kitabu. Mimi nimekishinda.

Jumapili, 9 Novemba

Navakholo, baada ya ibada. Mama ametupikia obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Amezeeka, lakini macho yake bado yanahesabu wanaokula na wasiokula.

Chansela yuko kwenye kigingi chake. Nilisimama mbele yake kidogo. Akanitazama kama anayejua tarehe. Mama akaja akasimama kando yangu, akampapasa shingo, akasema mwanangu, huyu nimemchotea maji mwenyewe tangu akiwa wa kufika gotini. Akasema anataka kumwona mtoto wake amevaa lile koti refu kabla hajafumba macho. Nikamwambia ni wiki nne tu. Akasema hata mwaka jana ilikuwa wiki nne.

Michelle alikuwepo. Binti mzuri, hana makeke. Ukuta wa jikoni bado una vikaratasi alivyobandika alipokuwa akijiandaa kwa mitihani yake, alivisoma akisonga ugali. Akajitolea kuniuliza maswali. Baba mkubwa, akasema, kwa nini tunachagua watu kwa bahati nasibu?

Nikamjibu. Nikamjibu kikamilifu, kwa nyani na kila kitu. Nilipomaliza mwiko wake ulikuwa umesimama hewani. Cleophas aliyekuwa mlangoni alikuwa ameacha kutafuna. Nimewaona watu wakishangazwa na elimu, lakini si kwa kiasi hicho. Kisha Michelle akauliza taratibu kama ninakusudia kuandika hivyo hivyo kwenye mtihani. Nikacheka. Nikamwambia mtihani ni kitu kingine, pale nitaandika ya kitabu.

Akauliza, ya kitabu ni yapi?

Mvua ikaanza, tukakimbia kuanua mahindi.

Jumatatu, 10 Novemba

Osiako ana wema unaoudhi. Leo baada ya darasa alinijia, akaniita ndugu yangu, akanipa nakala ya kadi zake. Ndizo anazozisoma kila alfajiri jikoni kwake, moja moja, akinywa chai ya rangi. Kadi ndogo, mwandiko mdogo, wazo moja kila kadi. Akasema nizipitie tu, zimemsaidia sana, naye hapendi kuona mtu wa rika letu akibaki nyuma.

Akibaki nyuma!

Nimezipitia. Zote. Nyuma ya kila kadi nimeandika jibu langu linaloipinga. Kadi ya hojaji nilihitaji kuandika pembeni pia. Kesho namrudishia, apate kusoma kitu chenye uhai.

Jescah alinikuta mezani nikiandika. Akafurahi mno, akaniletea chai na mandazi bila kuombwa, akasema leo kweli umeketi. Akachukua kadi moja akasoma mbele, akageuza akasoma nyuma. Akaiweka chini. Akaniambia, Baba Mark, wewe hujasoma, umeshinda tu.

Nikamuuliza tofauti ni nini. Akaondoka na mandazi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kikao cha mwisho kabla ya mtihani. Bunge lilijaa mpaka kwenye nyasi. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kitabu kinamalizwa leo. Shikanga alitetea sura tatu mfululizo, bila kukifunua, kwa kichwa. Nakiri aliimarika. Alikuwa na mifano ya kibandani kwa kila kitu: mteja anayejibu anachodhani unapenda kusikia, mteja anayekataa kujibu, mteja anayejibu swali la jirani. Alipendeza. Nikamvunja sura baada ya sura. Mwisho nikauliza bunge: watafiti wametafiti Kakamega tangu mababu zetu, je, kuna mtu hapa aliyewahi kuulizwa swali? Hakuna mkono! Basi, nikasema, wanamuuliza nani? Nyani?

Nikabebwa juu juu. Kweli, nilibebwa. Kiatu kimoja kilibaki Muliro Gardens kwa muda.

Nilipotua nikamwomba Shikanga kitabu, nikipitie leo mara moja, kwa heshima tu. Akasema hana. Anakirudia, amefika sura ya saba, amekiacha kibandani, na kuna wateja wawili wanaokisoma wakingoja zamu, wamefika mahali patamu. Nikamwambia kitabu ni changu. Akasema najua Mheshimiwa, lakini wewe umeshakishinda, unakitakia nini tena?

Nikaenda kutafuta kiatu changu.

Si kitu. Kimo kichwani.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetoka mtihani. Naandika nikiwa bado na wino kidoleni.

Swali la kwanza: eleza faida za kuchagua watu kwa bahati nasibu. Nilitabasamu. Hili tulilimaliza! Nikaita kichwani maneno ya Shikanga, yale ya siku ya tatu, ya kinyozi na wateja wake. Nikamwona Shikanga. Nikaona taulo, jiwe, mdomo ukitembea. Sauti haikuja. Kila alipotaka kusema, makofi yangu yalimfunika. Nikamsihi moyoni arudie. Akarudia. Makofi tena.

Sauti moja tu ndiyo ilisikika, wazi kama kengele ya kanisa. Yangu.

Mtu hawezi kuacha karatasi tupu. Nikaandika ninachokijua. Nyani wakaja. Swali la pili likawa la vitu viwili kutokea pamoja. Majogoo wote wa dunia wakaja. La tatu, la nne, yote nilikuwa nayo, mpaka nikaomba karatasi za ziada. Msimamizi alinitazama kwa heshima. Osiako alimaliza mapema, akakaa mikono juu ya meza, hana la kuongeza. Maskini! Hana la kuongeza!

Nimemaliza na aya moja juu ya hatima ya taifa. Haikuulizwa, lakini ilihitajika.

Jumatano, 26 Novemba

Ishirini na tisa. Alama ya kupita ni arubaini.

Daktari Lynette aliniita ofisini kwake. Mwanamke mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ananiita mzee. Akaniambia mzee, karatasi yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu sikuweza kujizuia. Akasema hajawahi kuona mtu akikosea kwa ufasaha namna hiyo. Palipoulizwa faida nimetoa hasara. Palipoulizwa hasara nimeuliza swali. Akasema, kwa huzuni kabisa, kwamba laiti ningeandika kinyume cha kila sentensi, ningeongoza darasa.

Ningeongoza darasa! Naomba sentensi hiyo isisahaulike. Maana yake ni kwamba nilikijua kitabu chote, mwanzo hadi mwisho. Kwa upande wa pili tu.

Nikamwambia hivyo. Akainamisha kichwa, akaikunja karatasi yangu. Kisha akasema kanuni ni kanuni. Nimetolewa kwenye kozi.

Osiako kapata sitini na nane. Akanisubiri nje. Nilidhani kaja kujigamba, nikaandaa maneno makali. Kumbe kaja kunipa zawadi. Kengele yake ya alfajiri. Akasema yeye hataihitaji tena, na huenda siku moja nikajaribu. Nikaipokea kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Jioni nikampigia Mama simu. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri: habari ya maswali, habari ya kinyume, habari ya kuongoza darasa. Nikasema tu, Mama, Chansela ni wa Michelle.

Nikasikia kuku nyuma yake na mtu akipasua kuni. Nikangoja aseme. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli, lakini sikuwa na hoja nyingine.

Jumamosi, 13 Desemba

Sherehe Navakholo. Mahema mawili, ngoma za isukuti tangu asubuhi, watu mpaka kwenye mahindi. Michelle alivaa joho lake akakaa na bibi yake katikati, na Mama hakuacha kuligusa lile koti, akilisugua kati ya vidole kama anayenunua kitambaa sokoni. Nilitazama kando kidogo. Moshi wa jikoni ulikuwa mkali.

Chansela alichinjwa alfajiri. Sikwenda kuona. Nimefahamiana naye muda mrefu.

Kama baba mkubwa nilipewa nafasi ya kusema. Nilizungumza juu ya elimu, juu ya ukoo wetu, juu ya sukari, juu ya makosa ya mfumo wa mitihani duniani. Nilikuwa naingia sehemu ya pili wapiga isukuti walipoanza kupiga wenyewe, bila kuambiwa. Mwamko wa umma! Michelle alipochukua kipaza sauti alinishukuru mbele ya watu wote. Alisema bila baba mkubwa leo tusingekuwa na nyama hii, maana ni yeye aliyemngojesha Chansela mpaka akanenepa kiasi hiki. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nikasimama nikapunga mkono. Ni kweli kabisa. Niliilea sherehe hii miaka minne.

Nyama ilipogawanywa, Mama akaagiza ulimi uletwe kwangu, mzima, kwenye sinia ya peke yake. Akasema kila mtu ale kazi yake. Cleophas alilazimika kutoka nje ya hema. Mimi naichukua kama heshima. Ulimi si kitu cha kupewa kila mtu.

Nikamwambia Mama habari yenyewe nikiwa nakula: nimeshajiandikisha upya, chuo kingine, darasa la wikendi, kuanzia Januari. Sheria! Walinikosea kunipeleka kwenye utafiti tangu mwanzo, mtu wa hoja mahali pake ni mahakamani. Mama akanitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shule na shati limechanika nikieleza kwamba nilikuwa na haki. Akainuka kwa shida, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya jikoni.

Kwenye kigingi cha Chansela palikuwa na ndama. Mdogo, mweusi, pua bado ina maziwa.

Nikasema Mama, fahali mwingine? Akasema hapana. Safari hii nimefunga jike. Tukingoja, angalau tutakuwa tunakunywa chai.

Anavyoona mbali, mama yangu! Sherehe ya wakili itahitaji maziwa mengi. Ndama nimempa jina Jaji.

Habari nyingine ni moja tu. Shikanga alikuja na wateja wake watatu, wakala vizuri. Akaniaga. Anaacha bunge. Amejiandikisha chuoni, Maendeleo ya Jamii, darasa la jioni, na kitabu anakibakiza, atakihitaji. Alinishukuru sana. Huyo ni zao langu, na aandikwe hivyo. Lakini jiwe la pili sasa halina mtu, na bila adui mimi sisomi.

Basi nawaambia ninyi, wanafunzi watu wazima wa Kakamega, walimu na wauguzi na makarani mnaojificha jikoni alfajiri na chai ya rangi na vikadi vyenu. Na wewe Osiako, tena wewe kwanza kabisa, uliyevaa joho bila kubishana na mtu hata mmoja: tokeni huko! Jumatatu saa saba, Muliro Gardens. Kengele yako nitakuja nayo, itatupimia muda wa kila msemaji. Mmoja wenu apande jiwe la pili akitetee kitabu cha sheria, sura ya kwanza. Mimi nitakipinga. Asiye na kitabu asiogope.

Changu ni kipya. Nitamwazima.